Kutafuta mipasuko iliyofukiwa kwa kupima mvutano wa dunia

Kusini mwa Ziwa Victoria, katika mkanda wa miamba ya kijani wa Sukumaland wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, udongo mweusi wa mbuga umefunika mipasuko mingi, yaani nyufa ambazo miamba ilisogea kandokando yake, isiyoonekana kwa macho. Gravimita, kifaa cha kupima mvutano wa dunia, huweza kuibaini pale inapokutanisha miamba yenye densiti tofauti, kwa mfano basalti ya kale, takriban gramu 2.9 kwa sentimita ya ujazo, na graniti ya 2.65.

Hatua ya 1. Panga mistari ikate mwelekeo wa mpasuko unaoushuku kwa pembe mraba, vituo vikiwa kila mita 100 au 200.

Hatua ya 2. Weka kituo cha msingi juu ya mwamba, ukirudie kila baada ya saa mbili, kwa kuwa springi ya kifaa hubadilika taratibu, na mwezi na jua huweza kuyumbisha usomaji kwa hadi miligali 0.3 (miligali ni kizio kidogo cha mvutano). Mbugani baada ya mvua, kitazame kiputo cha kusawazishia: kikiendelea kusogea, miguu inazama, na kipimo hicho hakifai.

Hatua ya 3. Pima kimo kwa GPS ya kitaalamu yenye usahihi wa sentimita, si kwa simu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Ukitumia densiti ya 2.67, kosa la mita moja huleta kosa la takriban miligali 0.197. Niliwahi kushangilia ngazi, yaani mruko wa ghafla wa vipimo, ya miligali 0.35 iliyonyooka kabisa kwenye ramani, kumbe siku ile hatukuondoa urefu wa fimbo ya antena ya GPS, mita 1.8.

Hatua ya 4. Sahihisha vipimo kwa athari za latitudo, kimo, tabaka la mwamba na vilima vya jirani, kisha ondoa mwelekeo mpana wa eneo zima.

Hatua ya 5. Chora vipimo vya kila mstari, kisha tafuta mahali ambapo mkunjo wa grafu unapanda ghafla. Mabadiliko yote yakiwa miligali 6, mpasuko uko karibu na penye 3. Umbali ardhini kati ya penye miligali 1.5 na penye 4.5, ukiugawa kwa mbili, hukadiria kina cha katikati ya tabaka lililokatwa. Umbali wa mita 800 humaanisha kina cha mita 400. Usikubali ngazi iliyojitokeza kwenye mstari mmoja tu, na kumbuka kwamba hata ukingo wa graniti iliyopenya huchora mkunjo kama huo, hivyo linganisha na vipimo vya sumaku. Mpasuko uliosogeza graniti kando ya graniti ileile kwa kawaida hautaonekana kabisa. Huo utafute kwa sumaku.