Jinsi ya kupiga dokumentari fupi ya Kilwa Kisiwani kwa simu tu

Usianze na magofu, anza na watu. Kisiwani kuna kijiji mpaka leo, watu wanavua, watoto wanaenda shule, na wengi wanaokuja na kamera wanawapita kama hawapo, inaniuma sana hiyo. Kaa na wazee, omba ruhusa kabla hujarekodi, na tafuta maiki ya kubana kwenye shati maana upepo wa bahari unameza sauti yote.

Kibali cha kuingia kwenye magofu chukua Kilwa Masoko, mji ulio upande wa bara, kabla hujapanda boti.

Msikiti Mkuu piga asubuhi jua likiwa bado chini, hapo ndo mawe ya matumbawe na nguzo zinatokeza vizuri. Husuni Kubwa, jumba la zamani la sultani, usipite haraka, lile bwawa la pembe nane lizunguke taratibu. Kwenye maelezo taja dhahabu ya Sofala (Msumbiji ya leo) iliyopitia Kilwa, msafiri Ibn Battuta kufika 1331, Wareno kuuteka mji 1505, inatosha, usimwage tarehe kama mtihani.

Ukishaediti waonyeshe wanakijiji kwanza kabla hujaiweka YouTube, wakisema jina la mahali umekosea rekebisha hapohapo.