Anza na Herufi za Ubavuni: Somo la Kutafuta Kazi ya Urubani Nje ya Nchi

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya marubani vijana wa Tanzania na Kenya ambao wamekwisha kupata leseni ya biashara, yaani ile inayomruhusu rubani kuruka kwa malipo, wana saa mia mbili au mia tatu za kuruka, na wanaona kwamba nafasi za nyumbani hazitoshi wahitimu. Mimi niliondoka Dar es Salaam nikiwa na saa 312, nikaenda Maun, Botswana, na huko ndiko nilikoifahamu kazi hii. Mifano yangu mingi itatoka huko.

Hatua ya kwanza: fahamu ndege imesajiliwa wapi

Wengi huanza kwa kuuliza ni nchi gani inayoajiri. Ningependa uanze kwa kuuliza ndege utakayoirusha imesajiliwa wapi, kwa sababu ibara ya 32 ya Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ni mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, inataka rubani wa ndege inayofanya safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuthibitishwa na nchi iliyoisajili ndege hiyo. Usajili unausoma ubavuni mwa ndege: 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda, A2 ni Botswana, A6 ni Falme za Kiarabu. Ndiyo maana Mkenya anayerusha ndege ya 5Y kutoka Juba kupeleka watumishi wa misaada anatumia leseni ya kwao ingawa anaishi Sudan Kusini, ilhali Mtanzania anayeiomba nafasi hiyo hiyo hana budi kukubaliwa kwanza na mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya.

Kukubaliwa huko kuna njia mbili, na usizichanganye. Uthibitisho ni ruhusa ya muda inayoegemea leseni yako ya asili, hivyo leseni ya nyumbani ikiisha, uthibitisho nao umekwisha. Ubadilishaji hukupa leseni kamili ya nchi hiyo, lakini kwa mitihani mingi zaidi. Ulaya ni mfano mgumu: rubani anayetoka nje ya mfumo wao na kutaka leseni ya kufikia mashirika makubwa hufanya mitihani 13 ya nadharia, alama ya kufaulu ikiwa asilimia 75, na yote huikamilisha ndani ya miezi 18. Uingereza ilijitenga na mfumo huo mwishoni mwa 2020, kwa hiyo leseni ya upande mmoja si leseni ya upande wa pili. Kwa mwenye saa chache, nashauri ajenge uzoefu wake barani Afrika kwanza.

Hatua ya pili: safisha logibuku yako (daftari la kuandikia saa za kuruka) kabla hujaomba kazi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nilipoumia. Nilipofika Maun, mkaguzi wa kampuni niliyoiomba kazi alizikataa saa 41 zangu za mafunzo, kwa sababu kurasa zile hazikuwa na saini ya mkufunzi wala muhuri wa chuo. Nilizipiga saa zile kwa haki, lakini chuo kilikuwa kimefungwa na mkufunzi alikuwa amehama. Nilishuka hadi saa 271 pale mezani kwake, nikapoteza msimu mzima.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka chuoni, hakikisha kila ukurasa umejumlishwa na kutiwa saini. Tenganisha saa ulizokuwa rubani kiongozi, saa za mafunzo, saa za usiku, saa za kuruka kwa vyombo (kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege bila kuona nje), na saa za ndege za injini mbili. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya biashara ni saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa, lakini mwajiri hatazami jumla peke yake. Bima ya kampuni ndiyo inayoamua ni saa ngapi za urubani kiongozi zinazotosha kukukabidhi abiria, na hilo ndilo swali la kumuuliza mapema. Piga picha za kurasa zote na uzihifadhi mahali pawili.

Hatua ya tatu: nyaraka zinazosafiri polepole kuliko wewe

Mamlaka ya nchi unakokwenda itaiandikia mamlaka ya nyumbani kuuliza kama leseni yako ni halali. Barua hiyo huweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo pita ofisini kabla ya safari, uulize utaratibu na ada, na uhakikishe kumbukumbu zako ziko sawa. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kwa kawaida hudumu miezi 12. Pimwa upya karibu na safari ili usifike kikiwa kimebakiza siku chache. Tazama pia kiwango chako cha Kiingereza kilichoandikwa kwenye leseni: cha 4 ndicho cha chini kabisa kinachokubalika katika safari za kimataifa na kwa kawaida hupimwa upya kila baada ya miaka mitatu, ilhali cha 6 hakipimwi tena. Ongeza cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Hatua ya nne: fika kwa msimu wake

Maun ni lango la delta ya Okavango. Maji ya mvua zinazonyesha kwenye milima ya Angola hufika delta hiyo miezi kadhaa baadaye, hivyo maji hujaa wakati wa kiangazi, na kambi nyingi za watalii hufikiwa kwa ndege ndogo tu. Kazi hupamba moto kuanzia Juni hadi Oktoba. Makampuni hutafuta marubani kabla ya hapo, yaani miezi ya mwanzo wa mwaka, na anayefika Julai huwakuta wenzake wamekwisha kufunzwa. Beba fedha za kuishi miezi mitatu, peleka maombi yako kwa mkono, na rudi kila wiki bila kuwasumbua. Mwambie afisa wa uhamiaji ukweli kwamba unatafuta kazi, na usirushe abiria hata mmoja kabla kibali hakijatoka.

Hatua ya tano: usaili na safari ya majaribio

Kiwanja cha Maun kiko karibu futi 3,100 juu ya bahari, na joto la Oktoba hupunguza nguvu ya injini na mabawa kwa kiasi ambacho rubani aliyezoea pwani hakitarajii. Utapewa uzito, joto na urefu wa kiwanja cha mchanga, uambiwe upige hesabu kama Cessna 206, ndege ndogo ya injini moja, itaondoka. Jibu sahihi mara nyingine ni kwamba haiondoki mpaka mizigo ipunguzwe, na msaili anataka kuona kama utathubutu kulisema. Utafanya pia mtihani wa sheria za anga za nchi hiyo. Usome kwa uzito ule ule uliousomea leseni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Mwanza: Shikamoo Kapteni. Nina saa 210. Je, niombe moja kwa moja katika mashirika ya Ghuba?

Jibu: Marahaba. Kwa saa hizo, nafasi ya rubani msaidizi aliyekwisha kuiva hutaipata, kwa kuwa huko hutafutwa wenye maelfu ya saa, na hasa saa za ndege kubwa zenye marubani wawili. Anza na ndege ndogo ya injini moja, kisha Caravan iliyo kubwa kidogo, kisha ATR au Dash 8, ndege za abiria za injini mbili zenye marubani wawili, ndipo uombe.

Swali, kutoka Mombasa: Kaka, wakala amenitumia barua ya ajira yenye nembo ya shirika kubwa, akataka nilipe ada ya kushughulikia viza kwanza. Nifanyeje?

Jibu: Usilipe, dada yangu. Mashirika makubwa ya Ghuba yametangaza waziwazi kwamba hayamtozi mwombaji fedha. Ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe, tafuta tangazo la nafasi hiyo, na uandike kwa anwani iliyopo pale badala ya ile iliyo kwenye barua.

Swali, kutoka Arusha: Mkataba unasema kampuni itanilipia mafunzo ya kurusha aina moja mahususi ya ndege, lakini nikiondoka kabla ya miaka miwili nitarudisha gharama zote. Ni halali?

Jibu: Ni jambo la kawaida, lakini usitie saini kabla ya kusoma mambo matatu: kama deni linapungua kila mwezi unaofanya kazi, kama utadaiwa hata kampuni ikikupunguza yenyewe, na kama watazuia nyaraka zako. Kifungu cha tatu kikiwapo, omba kiondolewe. Logibuku na pasipoti ni mali yako ya kukaa nayo.

Swali, kutoka Nairobi: Navaa miwani. Je, mlango umefungwa?

Jibu: Haujafungwa. Kiwango cha kimataifa ni kuona 6/9 kwa kila jicho (yaani kusoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 9), na 6/6 kwa macho yote mawili, kwa miwani au bila miwani. Sharti ni kuivaa kazini na kuwa na jozi ya pili karibu. Jozi hiyo iweke kwenye begi la safari la chumba cha rubani, kwa sababu mkaguzi huiomba kabla ya kuondoka.