Kubadili bakigraundi ya picha kwa GIMP bila mtu kuonekana kabandikwa

Wiki iliyopita dada mmoja wa hapa mtaani kaniletea picha ya mama yake, kapigwa na simu huko kijijini, kasimama mbele ya ukuta wa kijani ule wa rangi ya mafuta, kajifunga kitenge na nywele kaziachia tu hajasuka. Anataka pasipoti saizi yenye bakigraundi ya bluu mpauko na mama hawezi kusafiri kuja mjini kwa ajili ya picha nne. Alishapita steshenari moja wakamfanyia dakika tatu tu, akatoka na mama mwenye kichwa kama kavaa helmeti ya bodaboda, afu pembeni ya shavu kuna kauzi ka kijani kanamzunguka mpaka begani. Nilicheka kwanza, afu nikakumbuka na mimi nilianza hivyohivyo.

Ishu ni kwamba rangi ya nyuma haijawahi kuwa tatizo, kumwaga bluu ni sekunde moja. Picha feki inajiuza kwenye kingo, yaani pale nywele zinapokutana na ukuta, na inajiuza kwenye mwanga. Kwa hiyo muda wako wote upeleke huko.

Natumia GIMP, ni programu ya bure ya kuhariri picha na inakubali hata kwenye laptop ya RAM 4. Mimi bado niko kwenye 2.10, wewe mwenye 3.0 vitu vimehama kidogo ila majina ni yaleyale. Wa Photoshop utanielewa tu, akili ni ileile.

Kwanza faili lenyewe. Yule dada alinirushia WhatsApp kama picha ya kawaida nikamwambia hapana, mwambie aliyepo na mama atume kama dokyumenti, kwa sababu ukituma kawaida WhatsApp inaipunguza picha na kuibana, na kinachokufa wa kwanza ni nywele, ukikuza unakuta vijumba vijumba badala ya unywele. Hapo hata fundi awe nani hatoboi. Ikija kubwa sana, pikseli 4000 huko, na mashine yako ni ya kusuasua, ishushe mpaka upana wa 1500 hivi ndo uanze kazi, kwa pasipoti saizi inatosha na inabaki.

Haya, fungua picha. Kitu cha kwanza kabisa, weka raba chini. Usifute ukuta na raba, ukifuta umefuta, kesho ukigundua umekula sikio huna pa kulitoa. Tunatumia maski, ambayo ni kama karatasi iliyolala juu ya leya (leya ni tabaka la picha, zinapangwa moja juu ya nyingine), ukipaka nyeusi sehemu inajificha, ukipaka nyeupe inarudi, ukipaka kijivu inakuwa nusu nusu. Hicho kijivu ndo dawa ya nywele, kishike hapohapo.

Kumkata mtu nenda "Tools", "Selection Tools", chukua "Foreground Select". Zungushia mtu mstari wa ovyo ovyo, usijitese kufuata kingo, acha nafasi kidogo kati ya mstari na mwili, ukimaliza bonyeza Enter. Ukuta utafunikwa na bluu nzito na mtu na bluu nyepesi. Sasa chukua brashi ile inayokuja yenyewe umchorechore mtu kwa ndani, pita usoni, pita kwenye nywele katikati, shingoni, kwenye kila rangi ya kitenge, mabega yote mawili, we gusa kila rangi aliyonayo ila usiguse ukuta hata kidogo, na ule ukingo wa nywele zinazosimama simama uache bila kuugusa, huo programu itaupigia hesabu yenyewe. Washa "Preview Mask" uone, subiri, mashine ndogo hapo inafikiria mpaka unaweza kwenda kuinjika chai. Ikitoka vizuri bonyeza "Select", utaona vidoti vinatembea kumzunguka mtu.

Kitenge kitakusumbua. Cha yule mama kilikuwa na maua ya kijani karibu sawa na ukuta, programu ikakata kipande cha bega ikijua ni ukuta. Usianze upya, tunarudisha kwa mkono mbele huko.

Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya leya, "Add Layer Mask", kwenye orodha chagua "Selection", kubali. Ukuta umepotea ila haujafutwa, upo chini ya maski. Afu ondoa vile vidoti kwa Ctrl+Shift+A maana visipoondoka utapaka brashi mpaka uchoke na huoni kitu, hili limenipotezea usiku mzima zamani, nikidhani kompyuta ina virusi.

Sasa tengeneza leya mpya, ivute chini ya mtu, na usiweke bluu bado, weka nyekundu ile ya kupiga kelele. Kwenye bluu mpauko makosa yanajificha, kwenye nyekundu kila kipande cha ukuta kilichobaki kinaonekana. Kuza picha mpaka asilimia 200, bonyeza kile kipicha cha maski pembeni ya leya ili upake kwenye maski na sio kwenye uso wa mtu, bonyeza D upate nyeusi na nyeupe, X ya kubadilishana. Anza bega, kile kipande kilicholiwa kirudishe kwa nyeupe, ukuta uliobaki ufiche kwa nyeusi, zunguka taratibu. Nguo na bega zinataka brashi ya ukingo mgumu kiasi, ngozi laini kidogo, nywele laini zaidi na nguvu ya brashi ("Opacity") ishushe mpaka asilimia 30, uwe unagonga gonga tu. Nywele zetu hizi za kipilipili ukingo wake sio mstari, ni kama sufu, ukizichonga kwa mstari mmoja safi ndo unapata ile helmeti. Acha vinywele viwili vitatu vichomoze, hata kama ni vya kijivu kwenye maski.

Halafu kile kiuzi cha kijani. Kuna viwili hapo watu wanavichanganya. Cha kwanza ni ukuta wenyewe uliobaki pikseli moja au mbili, huo ukiwa bado kwenye maski fungua "Colors", "Levels", kile kipembe cheusi cha kushoto kivute kulia kidogo kidogo, maski inajibana yenyewe kuelekea ndani. Ukizidisha nywele zinanyolewa kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Cha pili sio ukuta, ni mwanga uliogonga ukuta wa kijani ukamrudia mama shavuni na kwenye nywele, huo hata ukate vipi hautoki maana uko kwenye ngozi. Rudi kwenye picha yenyewe, bonyeza kipicha chake sio maski, chukua brashi, pale pa kuchagua modi weka "LCh Color", nguvu asilimia 30, shikilia Ctrl ubonyeze ngozi iliyo safi karibu na hapo uchukue rangi yake, halafu pitisha juu ya kijani. Inabadili rangi bila kugusa mwanga na kivuli, mikunjo ya uso inabaki vilevile. Hili tu ndo steshenari nyingi hawafanyi.

Ukiridhika igeuze ile nyekundu iwe bluu. Mpauko jamani, sio bluu ya turubai. Na kama fomu inataka nyeupe na mtu kavaa shati jeupe au kanzu, bega litapotelea kwenye karatasi, likaze giza kidogo pembeni.

Wanaotaka kuwekewa bahari au ndege nyuma ni kazi nyingine, na sio mpya pia, vibanda vya picha pale Likoni feri Mombasa miaka ya 90 walikuwa na mapazia yaliyochorwa. Tofauti ni kwamba pale hakuna aliyedai ni kweli. Wewe ukitaka idanganye macho angalia kivuli cha pua kimelalia wapi, jua la picha mpya litoke upande wa pili, likigoma igeuze bakigraundi kushoto kulia, afu ipige "Gaussian Blur" kiasi, yaani ukungu kidogo, minazi ya mbali isiwe mikali kumzidi mtu.

Kwa pasipoti ya 35 kwa 45 mm kata kwa uwiano huo, weka pikseli 300 kwa inchi, itakuwa pikseli 413 kwa 531. Kwenye karatasi ya inchi 4 kwa 6 zinaingia 8.

Ila ukiniletea ya viza ya Marekani au ile bahati nasibu ya green card, sikufanyii. Wale wamekataza picha iliyobadilishwa kwa programu, kwa hiyo simama mbele ya ukuta mweupe au shuka jeupe lililonyooshwa, dirisha liwe mbele yako, vua miwani, upigwe upya. Ya bahati nasibu iwe pikseli 600 kwa 600, JPEG, isizidi KB 240.

Mwisho kabisa, faili la XCF, lile la GIMP lenyewe linalotunza leya na maski, lisevu kabla hujatoa JPEG, maana JPEG inagandisha leya zote kuwa moja. Yule dada karudi juzi, kumbe kuna fomu nyingine ya mama inataka nyeupe. Nikafungua, nikamwaga nyeupe, hata kiti hakukalia.