Skrini ya uthibitisho: acha kuuliza "Una uhakika?"

Mtu anayefuta picha 20 kwa siku, ukimuuliza "Una uhakika?" kila mara, akifika ya tano hasomi tena. Kidole kimeshazoea kitufe kilipo. Siku atakayogusa picha asiyoikusudia, skrini itatokea na ataipita kama alivyozipita nyingine zote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuamua ni wapi skrini hii isiwepo.

Wapi uulize, wapi usiulize

Angalia kama tendo linarudishika. Likirudishika, litekeleze papo hapo na umpe mtumiaji kitufe cha "Tendua". Gmail hufanya hivyo kwa barua: mtumiaji huchagua sekunde 5, 10, 20 au 30, na ndani ya muda huo anaweza kuizuia isiende. Kwa vitu vinavyofutwa, usiviondoe kwenye hifadhidata mara moja. Viwekee alama ya kufutwa, vifichwe, kisha viondolewe kabisa baada ya muda uliomweleza mtumiaji, tuseme siku 30. Hii ni kazi zaidi kwa mtengenezaji kuliko kuweka kidirisha cha swali, lakini ndiyo inayomwokoa mtu aliyekosea.

Uliza kabla pale tu ambapo pesa inatoka, data inapotea moja kwa moja, au ujumbe unakwenda kwa watu wengi. Kwa tendo zito kupita kiasi, mwambie aandike jina la kitu chenyewe, kama GitHub, tovuti ambako watengenezaji huhifadhi msimbo wa programu zao, inavyotaka kabla ya kufuta hazina ya msimbo. Kuandika jina kunamlazimisha asome anachokifuta. Ukilitumia sharti hilo kwa mambo madogo, watu watanakili na kubandika bila kutazama.

Maneno ya swali

Januari 13, 2018, watu wa Hawaii walipokea kwenye simu tahadhari ya kombora ambalo halikuwepo, na marekebisho yalichukua dakika 38 kuwafikia. Makosa yalikuwa mengi, lakini uchunguzi wa tume ya mawasiliano ya Marekani ulibaini kwamba programu iliuliza swali lilelile, kama una uhakika wa kutuma tahadhari, iwe ni zoezi au ni tahadhari halisi. Swali la namna hiyo humuuliza mtu habari za moyo wake, wala halimwambii kitakachotokea.

Chukua mfano huu, unaoonekana mara nyingi mno:

*Una uhakika unataka kughairi?*
Vitufe: Ghairi | Sawa

Hapa "Ghairi" ina maana gani: naghairi oda, au naghairi huku kughairi? Anayesoma kwa makini ndiye anayechanganyikiwa zaidi. Iandike hivi:

*Oda namba 4471, viti 4, itaghairiwa. Pesa zitarudi kwenye kadi inayoishia na 0932 ndani ya siku 5 za kazi.*
Vitufe: Ghairi oda | Acha oda iendelee

Kitu kimetajwa kwa jina na idadi, matokeo yameelezwa, na kila kitufe kina kitenzi chake. Kipimo chepesi: funika maandishi yote, acha vitufe tu. Mtu asipoweza kusema kila kimoja kitafanya nini, rudi ukaandike upya.

Epuka pia swali la kukanusha. Ukiuliza "Hutaki kuhifadhi mabadiliko?", Mswahili atajibu "Ndiyo, sitaki", mwingine atabonyeza "Ndiyo" akimaanisha hifadhi. Wote wawili wako sahihi, na mmoja atapoteza kazi yake.

Halafu kuna upatanisho wa ngeli, ambao mifumo mingi iliyotafsiriwa huuharibu. Kiolezo kimoja cha "[idadi] [kitu] imefutwa" hakitoshi: picha 1 imefutwa, picha 3 zimefutwa, mtumiaji 1 ameondolewa, watumiaji 3 wameondolewa. Andika sentensi kamili kwa kila aina ya kitu, umoja na wingi. Na tarehe iandikwe kwa jina la mwezi, kwa sababu 03/04 ni Machi kwa huyu na Aprili kwa yule.

Kwenye kitufe cha malipo, weka kiasi: "Lipa 48,500" pamoja na jina la sarafu. Umoja wa Ulaya umelifanya jambo hili kuwa sheria: Maelekezo ya 2011/83/EU yanataka kitufe cha oda kiseme wazi kwamba kukibonyeza kunaleta wajibu wa kulipa.

Vitufe vyenyewe

WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa zitumike pia na watu wenye ulemavu, unaweka eneo la kugusa lisilopungua pikseli 24 kwa 24, na huo ni mpaka wa chini. Kwa simu lenga 44 hadi 48, na uache nafasi kati ya kufuta na kuacha. Kidirisha kikifunguka, mwelekeo wa kibodi, yaani mahali ambapo kubonyeza Enter kutafanya kazi, uwe kwenye kitufe salama. Kitufe cha Esc kifunge kidirisha bila kutenda lolote, na baada ya hapo mwelekeo urudi pale mtumiaji alipokuwa. Rangi nyekundu peke yake haitoshi. Asiyetofautisha rangi anategemea maneno.

Baada ya kubonyeza

Hapa ndipo malipo ya mara mbili huzaliwa. Kuzima kitufe baada ya mbofyo wa kwanza kunasaidia, ila hakuzuii mtandao kukatika na mtu kujaribu tena. Tengeneza namba ya kipekee ya ombi wakati skrini *inapofunguka*, si wakati kitufe kinapobonyezwa. Seva ikiipokea namba ileile mara ya pili, irudishe jibu la kwanza bila kutenda upya. Kisha impeleke mtumiaji kwenye ukurasa wa matokeo kwa jibu la HTTP 303, linalokiambia kivinjari kifungue ukurasa mwingine, ili kupakia ukurasa upya kusitume fomu tena.

Kuna hali tatu, si mbili: imefanikiwa, imeshindikana, na bado haijulikani. Muda wa kusubiri benki ukiisha, usiandike "Imeshindikana". Pesa huenda imeshatoka, na mtu atalipa tena. Andika "Tunasubiri jibu la benki. Usilipe tena", na useme atajulishwa kwa njia gani.

Ukurasa wa mafanikio uwe na kilichofanyika, kiasi, tarehe na saa, namba ya kumbukumbu, kitakachofuata, na pa kuuliza. Namba hiyo iweze kunakiliwa kwa mguso mmoja, isiwe na O karibu na 0 wala I karibu na 1, na usiiweke kwenye ujumbe unaotoweka baada ya sekunde 4. Itume kwa barua pepe au SMS pia.

Kabla ya kuitoa skrini kwa watu, bonyeza kitufe mara mbili haraka, pakia ukurasa wa matokeo upya mara 3, rudi nyuma kwa kitufe cha kivinjari, kisha kata mtandao mara tu baada ya kubonyeza. Hesabu rekodi kwenye hifadhidata: inatakiwa iwe moja.