Kuinua mbele ya Land Cruiser 79: springi, shokamzoba na bushi za kasta

Juzi nilimsaidia mjomba pikapu yake ya 79, anayopitia njia za ndani za Kinango, pwani ya Kenya. Alifunga bampa la chuma na winchi, pua ikalala. Maelezo haya ni ya 79 zenye koili mbele, zilizoanza 1999.

1. Nunua springi kulingana na uzito wa pua yako. Mwambie muuzaji una bampa na winchi. Kuinua kwa milimita 50 kunatosha. Vipande vya kupachika juu ya springi ya zamani sivitaki kabisa: springi iliyochoka imechoka.

2. Siku mbili kabla, nyunyizia bolti zote mafuta ya kulegeza kutu. Chumvi ya pwani haina huruma, hata gari likilala Miritini.

3. Stendi chini ya chesi, jeki chini ya ekseli. Fungua shokamzoba, stabilaiza (fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona) na panadi (fimbo inayozuia ekseli kusogea pembeni), ushushe ekseli polepole ukitazama mipira ya breki. Ikianza kukaza, simama. Toa springi, tia mpya.

4. Bushi za kasta. Gari likiinuka, zile amu mbili zinazoshika ekseli hulala kwa mbele na ekseli huzunguka nazo. Kasta, yaani mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, hupungua, usukani hauvutiki kurudi katikati. Bushi hizi za raba, zenye tundu lisilo katikati, huizungusha ekseli irudi ilivyokuwa. Kila amu ina bushi mbili kwenye ekseli, moja mbele ya ekseli na moja nyuma yake. Ya mbele, tundu likae juu. Ya nyuma, tundu likae chini. Mara ya kwanza nilizigeuza zote. Nikatoka hadi Mariakani, gari likayumba barabara nzima kiasi kwamba nilirudi kwa mwendo wa trekta, nikapoteza siku nzima kuzitoa tena. Kwa hiyo:

Chora alama kwa chaki kwenye amu kabla ya kutoa ya zamani. Toa amu moja, imalize, ndipo uguse ya pili. Ukitoa zote ekseli inazunguka na hutapata mashimo. Tumia presi ya haidroliki, kuna gereji nyingi Changamwe zinazo. Usikubali kupigiwa nyundo wala kuchomewa raba kwa gesi. Kabla hujaondoka gereji, simama na amu mkononi jinsi itakavyokaa kwenye gari, utazame matundu tena.

5. Rudisha kila kitu, lakini bolti za bushi usizikaze gari likiwa juu. Lishushe, lisukume juu chini mara chache, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa hewani, raba hukaa imejisokota na hupasuka mapema.

6. Tazama ekseli kama imesogea upande mmoja. Panadi ya kurekebishika hutatua hilo.

7. Nenda alaimenti, na baada ya safari ya kwanza ya vumbi kaza bolti zote tena.