Jinsi ya Kuomba Daraja la Reli Linalozunguka Lifunguliwe Katika Mito ya Marekani

Nahodha wa boti ya matembezi anayesafiri katika mito ya Marekani hakosi kukutana na daraja la reli lililolala karibu sana na maji, limebebwa na nguzo moja nene iliyosimama katikati ya mkondo. Daraja la namna hiyo haliinuki. Huzunguka juu ya nguzo yake hadi urefu wake ufuate uelekeo wa mto, na hapo vyombo hupata njia kulia na kushoto kwake. Wengi hudhani kwamba kupita hapo ni hisani ya shirika la reli, nao hukaa wakisubiri kimya mpaka jua linazama. Sivyo: Sehemu ya 117 ya Fungu la 33 la Kanuni za Shirikisho inaagiza kwamba daraja linalofunguka lifunguliwe upesi na kikamilifu pindi chombo kinapoomba, isipokuwa pale ambapo sehemu hiyo hiyo imeliwekea daraja husika saa au masharti yake. Neno la kushika hapo ni "kinapoomba": anayeongoza daraja hana wajibu wa kubahatisha nia ya boti inayoelea mbele yake, na ndiyo sababu ombi limewekewa utaratibu.

Hatua ya kwanza hufanyika kabla ya kung'oa nanga, nayo ni kupima. Pima kimo cha chombo chako kuanzia usawa wa maji, si kuanzia sitaha, hadi ncha ya kitu kirefu kuliko vyote kilicho juu yake, kisha uandike namba mbili: moja antena zikiwa zimesimama, nyingine zikiwa zimelazwa. Namba hizo mbili zina uzito wa kisheria. Kanuni inamkataza nahodha kuomba daraja lifunguliwe ikiwa chombo kinaweza kupita chini yake kwa usalama baada ya kulaza kila kinacholazika ambacho si sehemu ya muundo wa chombo wala hakihitajiki katika kukiongoza, kama vile antena za redio na milonjo ya kuvulia inayotokeza ubavuni. Tuseme boti yako ina futi 14 antena zikiwa wima na futi 11 zikiwa zimelazwa, na nafasi chini ya daraja ni futi 13. Hapo huna ombi la kutoa. Laza antena, upite. Ukiomba hata hivyo, unaweza kutozwa faini, na treni iliyojaa abiria itakuwa imesimamishwa bure. Kwa upande mwingine, daraja la Spuyten Duyvil, linalovuka mdomo wa Mto Harlem kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Manhattan, New York, na kupitisha treni za Amtrak, shirika la treni za abiria, lina nafasi ya takriban futi 5 tu, hivyo karibu kila boti yenye kibanda inayoizunguka Manhattan haina budi kuomba.

Kumbuka pia kwamba nafasi iliyoandikwa kwenye ramani ya bahari, katika mito inayopandwa na maji ya bahari, ni ile ya wastani wa maji kujaa. Maji yakipwa, nafasi huongezeka. Mvua kubwa zikinyesha juu ya mto, hupungua bila ramani kukuambia. Madaraja mengi yana ubao wa vipimo uliopigiliwa kwenye kinga za mbao zilizo mbele ya nguzo, wenye namba zinazopungua kadiri maji yanavyopanda. Namba inayoguswa na maji ndiyo nafasi uliyo nayo saa hiyo, na binafsi huuamini ubao huo kuliko karatasi yoyote.

Hatua ya pili ni kusoma masharti ya daraja lenyewe. Sehemu ya 117 imepanga madaraja kwa majimbo na mito, na unaweza kuisoma ndani ya Coast Pilot, vitabu vya mwongozo wa mabaharia vinavyotolewa bure na NOAA, idara ya serikali ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, ambavyo sura yake ya pili hunukuu kanuni za usafiri wa majini. Usiruke hatua hii kwa kudhani kwamba madaraja yote ni sawa. Lipo linalofunguliwa saa yoyote kwa kupigiwa honi, lipo lisilofunguliwa wakati wa msongamano wa treni za asubuhi na jioni, na lipo linalotaka taarifa ya saa kadhaa kabla kwa sababu hakuna mtu anayekaa hapo. Masharti yanapokuwa ya pekee, mwenye daraja anatakiwa kubandika ubao unaosomeka kutoka juu na chini ya mto, wenye kueleza taarifa inayotakiwa na mahali pa kuitoa.

Ikiwa daraja linataka taarifa ya mapema, piga simu na utaje jina la chombo, kimo chake, upande unaotoka, tarehe na saa ya kufika. Hapa sisi tunaokisema Kiswahili tuwe waangalifu. Saa nane mchana yetu ni saa 1400 kwao, na aliyezoea kuhesabu saa kuanzia mapambazuko anaweza kwa urahisi sana kuagiza daraja saa sita kabla au baada ya wakati anaoutaka. Andika saa kwa mtindo wa tarakimu nne kabla ya kupiga simu, kisha uisome kama ulivyoiandika. Taarifa ikishapokelewa, kanuni humtaka mwenye daraja afanye kila linalowezekana kulifungua kwa saa iliyoombwa, na azingatie kwamba chombo kinaweza kuchelewa kidogo.

Hatua ya tatu ni ombi lenyewe, nalo hutolewa kwa redio, kwa honi au kwa ishara ya kuonekana. Redio ya VHF ndiyo bora panapokuwa na mtu wa kujibu. Sehemu nyingi hutumia chaneli 13; Florida hutumia chaneli 9. Taja jina la daraja kwanza, kisha jina la chombo chako, uko umbali gani, unapanda au unashuka mto, na kwamba unaomba kupita. Maneno yawe machache, maana manahodha wa matishali wako kwenye chaneli hiyo hiyo.

Kwa honi, ombi ni mlio mmoja mrefu wa sekunde 4 hadi 6, ukifuatiwa, kabla ya sekunde 3 kupita, na mlio mmoja mfupi wa kama sekunde 1. Mwendesha daraja anatakiwa kujibu ndani ya sekunde 30. Akirudisha mlio mrefu na mfupi kama wako, daraja linafunguliwa. Akipiga milio mifupi mitano ya haraka, daraja halifunguki kwa sasa, au lililo wazi linafungwa. Naye huirudia milio hiyo hadi chombo kionyeshe kuwa kimeisikia, kwa hiyo ijibu, ugeuze omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, na usubiri. Honi ikiwa mbovu, pandisha na kushusha bendera nyeupe, au taa nyeupe, ya kaharabu au ya kijani, mahali inapoonekana wazi. Bendera nyekundu au taa nyekundu inayopungwa kushoto na kulia kutoka darajani ina maana moja na ile milio mitano.

Vyombo viwili vikifika pamoja, kila kimoja huomba chenyewe. Kuufuata mkia wa boti iliyotangulia bila kuomba ni kosa la kawaida, na ni la hatari, kwa kuwa anayeongoza daraja huhesabu vyombo vilivyoomba, na huenda wa pili akamkuta akianza kufunga. Hata daraja ulilolikuta wazi huombwa: piga ishara ile ile, na usipojibiwa ndani ya sekunde 30, unaruhusiwa kupita kwa tahadhari.

Baada ya kujibiwa huja kusubiri, na hapa subira hujengwa na kujua kinachotendeka juu. Kwanza taa za reli hugeuzwa kuwa nyekundu pande zote mbili, na treni iliyokwisha kuingia huachwa imalize kuvuka. Kisha ncha za reli huachanishwa, na kabari zilizobeba miisho ya daraja huvutwa nje. Utasikia chuma kikigonga chuma, kimya kidogo, halafu uzito wote ule utaanza kusogea taratibu juu ya meno ya gia. Mengi ya madaraja haya yamezeeka. Daraja la Portal juu ya Mto Hackensack huko New Jersey lilianza kutumika mwaka 1910, na zaidi ya mara moja lilipogoma kufunga mafundi walilazimika kulirudisha mahali pake kwa nyundo. Daraja la Walk huko Norwalk, Connecticut, la mwaka 1896, lilishindwa kufunga mara mbili mwaka 2014, na treni zikakwama. Siku za joto kali chuma hutanuka, na miisho hukazana. Kwa hiyo mwendesha daraja anayekuambia usubiri kwa kawaida ana sababu.

Subiri mbali, omo ikielekea kwenye mkondo hata kama safari yako ni ya kushuka, ili injini ikishindwa upate muda wa kutupa nanga kabla maji hayajakusukuma kwenye nguzo. Usiingie mpaka daraja limesimama kabisa, na upitie upande ulioelekezwa.

Ikiwa uliomba sawasawa na ukacheleweshwa pasipo sababu, malalamiko hupelekwa kwa Kamanda wa Wilaya wa Walinzi wa Pwani katika wilaya lilipo daraja. Kazi hiyo ilikuwa ya wahandisi wa jeshi hadi mwaka 1967, na maelezo ya zamani bado huwataja. Andika hapo hapo, si jioni ukifika gatini: saa uliyoomba na njia uliyotumia, saa na aina ya jibu, saa daraja lilipofunguka, treni ngapi zilipita katikati na kwa saa zipi, hali ya hewa na ya mkondo. Lalamiko linalosema "tulisubiri sana" halina cha kuchunguzwa. Linalosema uliomba saa 1410, ukajibiwa kwa milio mitano saa 1411, na hakuna treni iliyopita hadi saa 1535, linamlazimu mwenye daraja atoe maelezo.

Na ikiwa tatizo ni ratiba yenyewe, mtu yeyote, hata mwenye mtumbwi wa kupiga kasia, anaweza kumwandikia Kamanda wa Wilaya akiomba ibadilishwe kwa kudumu. Ombi liwe la maandishi na liambatane na ushahidi: kumbukumbu za misafara ya msimu mzima, barua za vilabu vya mashua na wenye magati, na pendekezo kamili la saa unazotaka. Pendekezo linalozingatia ratiba ya treni husikilizwa zaidi, hivyo ipate kwanza. Akiona mabadiliko hayahitajiki, atakujibu kwa maandishi pamoja na sababu. Akiona yanaweza kuhitajika, utaratibu wa kutunga kanuni huanza: pendekezo huchapishwa katika Federal Register, gazeti rasmi la serikali ya shirikisho, umma hupewa muda wa kutoa maoni kupitia tovuti ya regulations.gov, na wakati mwingine ratiba mpya hujaribiwa kwanza kwa kipindi kisichozidi siku 180. Wahimize wenzako watoe maoni kila mtu kwa maneno yake na kwa safari zake, wakitaja namba ya jalada iliyo juu ya tangazo. Kanuni ikishapitishwa huchapishwa pamoja na tarehe ya kuanza kutumika, na mwenye daraja hutakiwa kubadilisha ubao ulio juu ya maji.