Kabla hujaunganisha likizo na sikukuu

Desemba 2019 niliomba likizo ya siku 14 kuanzia Ijumaa ya tarehe 20. Kwa hesabu yangu, nikitoa Jumamosi, Jumapili, Krismasi na kesho yake, pamoja na Mwaka Mpya, ningerudi kazini Januari 14. Januari 3 asubuhi, nikiwa kwa wazazi Rombo, Kilimanjaro, simu ikaita: mbona hujaripoti? Kesho yake alfajiri nilikuwa ndani ya basi la Dar, na wazazi niliwaacha hata wiki mbili hatujazimaliza.

Mwajiri hakuwa na kosa. Nilisaini fomu bila kuuliza siku zinahesabiwaje, na hilo ndilo swali la kwanza kwa yeyote anayetaka kuunganisha likizo na sikukuu. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, kinampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 28 mfululizo kwa mwaka, na sikukuu yoyote inayoangukia ndani ya siku hizo inahesabiwa humo humo. Wakenya wana hesabu nyingine: sheria yao ya 2007 inataja siku 21 za kazi, kwa hiyo sikukuu ikiwakuta likizoni haiwapunguzii kitu. Ndiyo maana ushauri wa rafiki aliyeko Nairobi unaweza kukuponza ukiwa Mwanza. Tena wapo waajiri wa huku ambao kwa hiari yao huhesabu siku za kazi tu. Soma mkataba wako, soma kanuni za utumishi za kampuni, kisha muulize afisa utumishi, na jibu lake liwe la maandishi.

Ukishajua unahesabiwa kwa kalenda, siri ni moja: sikukuu ibaki nje ya fomu. Likizo ianze siku inayofuata sikukuu na iishe kabla ya sikukuu nyingine kufika. Chukua mwaka 2027. Ijumaa Kuu ni Machi 26 na Jumatatu ya Pasaka ni Machi 29. Siku ya Karume, Aprili 7, itakuwa Jumatano. Ukiomba kuanzia Jumanne Machi 30 hadi Jumanne Aprili 6, umetumia siku 8 za kalenda, au 6 kama kwenu Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, lakini umekaa nyumbani siku 13 mfululizo. Mwezi huohuo Muungano ni Jumatatu, Aprili 26. Omba Jumanne hadi Ijumaa, siku nne tu, na kuanzia Jumamosi ya tarehe 24 hadi Jumapili ya Mei 2 unakuwa na siku tisa. Hapa uliza kabisa kama likizo inayoishia Ijumaa itabeba na Jumamosi na Jumapili zinazofuata, maana baadhi ya ofisi hufanya hivyo. Siku ya Nyerere na Siku ya Uhuru zote ni Alhamisi mwaka huo, hivyo kila moja inahitaji Ijumaa moja tu. Krismasi ya 2027 usiitegemee: ni Jumamosi, na kesho yake Jumapili.

Idd ni habari nyingine, kwani inategemea mwezi kuandama. Idd el-Fitri ya 2027 inatarajiwa karibu na Machi 10, ila usikate tiketi isiyobadilishika kwa tarehe ya kukisia. Acha siku moja mbele na moja nyuma.

Mwajiri ndiye mwenye uamuzi wa mwisho kuhusu tarehe, mradi likizo yako isipite miezi sita tangu mzunguko wake, yaani mwaka wa kazi unaoihusu, uishe. Kwa hiyo wahi ratiba ya likizo inapopangwa mwanzoni mwa mwaka, na kabla ya kupeleka jina lako kaeni na wenzako wa kitengo. Mimi naamini kwa dhati kwamba Mkristo akishika zamu ya mwenzake wakati wa Idd, na Mwislamu akashika ya Krismasi, hakuna anayenyimwa siku yake. Anayebaki zamu siku ya sikukuu naye ana haki yake: saa alizofanya kazi hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Wengi hawaidai kwa sababu hawaijui.

Atakayekaimu nafasi yako mwandikie kazi zilizobaki, funguo ziko wapi na nani anasubiri nini. Mfundishe kabla, si kwa simu ukiwa shambani.

Fedha ipangie miezi miwili. Mshahara wa Desemba ukiingia mapema unapendeza, lakini Januari inakuja ndefu, na ada na sare za watoto. Mimi huitenga ada kabla ya kugusa nauli. Watumishi wa umma hulipiwa nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, basi kama mwaka huu ni zamu yako, peleka maombi mapema.

Kuhusu usafiri, kwa anayekwenda Kilimanjaro mwezi wa kumi na mbili tiketi ya kwenda huwa inapatikana kwa kuhangaika, ila ya kurudi ndiyo inayosumbua, kwa sababu watu wote hushuka kutoka milimani siku zilezile chache baada ya Mwaka Mpya. Kata zote mbili pamoja, linganisha bei na nauli kikomo ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na urudi siku moja kamili kabla ya kuripoti. Basi likiharibika Korogwe, bado una usiku mmoja mkononi.